Jinsi ya kujua kamera ya taa nyekundu inaokoa watu au inavuna hela tu

Kamera ikifungwa kwenye mataa watu wanagawanyika pande mbili hapohapo, kuna wanaosema safi sana madereva wamezidi ubabe, na kuna wanaosema huo ni mradi wa watu wa kujaza mifuko. Wote wana pointi ndo maana ubishi hauishi. Kinachofanywa na wachache ni kwenda kwenye makutano yenyewe na simu mkononi na kupima. Mi nimefanya zaidi ya mara moja, haihitaji digrii, inahitaji nusu saa na kikokotoo. Msimamo wangu nauweka mezani mapema usihangaike kuutafuta: usiiangalie kamera kwanza, angalia taa ya njano iliyo kabla yake, halafu angalia nani analipwa kwa kila picha inayopigwa. Hayo mawili ukishayajua mengine mengi yanajijibu.

Ila kwanza uelewe inavofanya kazi maana ukikosea hapa utabishana na hewa. Kamera haikai imekodoa macho inapiga kila gari. Chini ya lami karibu na mstari wa kusimamia kuna nyaya zimezungushwa (kwingine siku hizi ni rada au video) zinazojua gari limepita juu yake na limepita na spidi gani, na zimeunganishwa na boksi linaloendesha taa. Taa ikiwa kijani au njano kamera imelala. Ikigeuka nyekundu inaamka, inasubiri sehemu ndogo sana ya sekunde, hiyo ndo huruma yake, na gari lolote litakalovuka mstari baada ya hapo linapigwa picha mbili. Ya kwanza gari ndo linaufikia mstari na taa nyekundu inaonekana, ya pili gari likiwa katikati ya makutano. Lazima ziwe mbili, moja haithibitishi kitu, maana we unaweza kuingia na kijani yako vizuri tu ukakwama katikati kwa foleni, ukipigwa picha hapo utaonekana mhalifu.

Kingine cha pembeni kidogo, hizi kamera zina asili ya Uholanzi, kampuni ya Maurits Gatsonides, dereva wa rali aliyeshinda Monte Carlo mwaka 1953, na alianza kutengeneza vifaa vya kupima spidi ili ajue yeye mwenyewe anakata kona kwa kasi gani aweze kuongeza. Yaani mtu alikuwa anatafuta kwenda mbio zaidi, wenzake wakaachiwa faini.

Haya, njano.

Chukua gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa. Hiyo ni kama meta 14 kila sekunde. Taa inageuka njano, dereva anaiona, akili inaamua, mguu unatoka kwenye mafuta unaenda kwenye breki, hapo sekunde moja imeisha na meta 14 zimekwenda bila gari kupungua hata kidogo. Akifunga breki ya kawaida, sio ile ya kurusha abiria kwenye kioo, anahitaji tena kama meta 32. Jumla 46. Kwahiyo aliye meta 46 au zaidi kutoka kwenye mstari anaweza kusimama, aliye karibu zaidi ya hapo hawezi kusimama kistaarabu, inabidi apite, na ili azimalize meta 46 kwa spidi ileile anahitaji sekunde 3.3 za njano. Sasa mtu akiiweka njano sekunde 2.8, nusu sekunde tu imekatwa, wala huioni kwa macho. Kwa 2.8 gari linafika meta 39. Aliyeko kati ya meta 39 na 46 njano inapowaka hana jibu sahihi, akipita anakutwa na nyekundu, akisimama inabidi akanyage breki kama kaona ng'ombe na wa nyuma anamvaa. Meta saba hizo ndo zinalisha kamera siku nzima. Na sio siri mpya, mwaka 1960 watafiti watatu wa General Motors, Gazis, Herman na Maradudin, waliandika hesabu hii yote, na wahandisi wa taa bado wanaitumia.

Kanuni ya haraka ya kukaa nayo kichwani: badilisha spidi iwe meta kwa sekunde (gawanya kilomita kwa 3.6), gawanya kwa 6, jumlisha 1. Kwa 50 unapata 3.3, kwa 60 unapata kama 3.8, kwa 80 unapata 4.7. Ukitumia hii kuna mambo mawili ya kuangalia. Spidi ya kutumia ni ile magari yanayoendeshwa kweli pale, sio ya kwenye kibao, maana kibao kinaweza kusema 50 na kila mtu anapita na 60, hapo njano ya 3.3 inawatega wote. La pili ni mteremko. Kama barabara inashuka kuelekea kwenye taa breki zinachelewa, mteremko wa asilimia 5 unadai karibu nusu sekunde ya ziada. Mataa mengi yaliyo chini ya mteremko yamepewa njano ileile ya tambarare, ukiona hivo usishangae kamera hapo inafanya vizuri sana kibiashara.

Kupima kwenyewe sasa. Simama pembeni pa watembea kwa miguu, usijitie barabarani. Weka simu kwenye video ya fremu 60 kwa sekunde, ielekeze kwenye taa yenyewe, iegemeze kwenye nguzo isitikisike, rekodi mizunguko kama kumi. Ukifika nyumbani sogeza video fremu moja moja, hesabu kuanzia njano inapowaka mpaka nyekundu inapowaka, gawanya kwa 60. Mi mara ya kwanza nilipima jioni, nikapata namba inayoonyesha njano ni fupi kupita kiasi, nikafurahi nimekamata mtu, nikaanza kuwaambia watu, kumbe giza likiingia simu inapunguza fremu yenyewe bila kukuambia ili ipate mwanga, kwahiyo nilikuwa nagawanya kwa 60 video isiyokuwa na fremu 60. Aibu yake siisahau. Tangu hapo naomba mtu ashike simu ya pili mbele ya kamera imewashwa saa ya kuhesabu sekunde, hivyo taa na saa vinaonekana kwenye video moja na unasoma tu, fremu zikipungua zisipungue haikuhusu. Rudia mchana, rudia na saa ya foleni, maana boksi la taa linaweza kuwa na mipango tofauti kwa muda tofauti wa siku. Na pima pia mataa mengine mawili matatu ya barabara hiyohiyo yasiyo na kamera. Ukikuta njano ya penye kamera ni fupi kuliko ya majirani zake, hapo una swali zito la kuuliza.

Usije ukadhani sehemu ya kumi ya sekunde ni mchezo. Jiji la Chicago, Marekani, mwaka 2014, wakati wa kubadilisha kampuni inayoendesha kamera, faini zilianza kutolewa hata pale njano ilipokuwa imesoma sekunde 2.9 badala ya 3.0 ya zamani. Kile kitu kidogo kilitoa faini kama 77,000, kila moja dola 100, piga hesabu mwenyewe. Baadaye, 2017, jiji hilohilo liliongeza muda wa huruma baada ya nyekundu kutoka 0.1 kwenda 0.3 ya sekunde.

Upande wa pili wa shilingi ni Georgia, Marekani hukohuko, sheria ya jimbo ilianza kazi 2009 ikadai mataa yenye kamera yaongezwe sekunde moja ya njano. Makosa yalishuka kiasi kwamba miji kadhaa ikazima kamera kwa vile hela inayoingia haitoshi hata kuilipia mitambo. Hebu kaa na hilo kidogo. Kama lengo lilikuwa watu wasipite na nyekundu, basi lengo lilikuwa limetimia, kwanini usikitike?

Lakini sitaki uondoke ukiamini njano ndefu inamaliza kila kitu, maana wapinga kamera wanapenda kuishia hapo. Mji wa Philadelphia, Marekani, walifanya jaribio zuri kweli, wakaongeza njano kwa kama sekunde moja kwanza, makosa yakapungua asilimia 36, halafu baadaye wakawasha kamera, na makosa yaliyobaki yakapungua tena asilimia 96. Kwahiyo kuna wanaopita kwa kuwa hawana jinsi, hao njano inawasaidia, na kuna wanaopita kwa kuwa wanajua hakuna anayewaangalia, hao dawa yao ni kamera. Mpangilio ndo huo, njano kwanza kamera baadaye, na sehemu iliyoruka hatua ya kwanza ndo yenye kesi ya kujibu.

Baada ya njano nenda kwenye takwimu za ajali, na hapa ndo watu wanapigwa changa la macho pande zote mbili. Ukisikia "ajali zimepungua asilimia kadhaa tangu kamera iwekwe" usipige makofi bado, uliza ajali gani. Kuna ajali ya ubavuni, gari moja linamchoma mwenzake mlangoni, na kuna ya nyuma, mtu kafunga breki ghafla akagongwa bampa. Kamera inapunguza ya kwanza na inaongeza ya pili, hilo halina ubishi mkubwa. Utafiti wa shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia barabara kuu, wa mwaka 2005, uliangalia makutano 132 yenye kamera ukakuta ajali za ubavuni zimeshuka karibu asilimia 25 na za nyuma zimepanda karibu asilimia 15. Ukitazama zilizoumiza watu tu, za ubavuni zilishuka karibu 16 na za nyuma zikapanda 24. Mtu akitaka kukudanganya atakusomea namba moja tu kati ya hizo nne. Wenyewe walihitimisha kwamba faida inazidi hasara lakini sio kwa kishindo, kwasababu kugongwa mlangoni kunaua na kugongwa nyuma mara nyingi ni bampa na shingo kuuma. Kwahiyo kamera inalipa pale palipokuwa na ajali nyingi za ubavuni, na pale ambapo tatizo lilikuwa kugongana nyuma unaongeza mafuta kwenye moto.

Swali la pili la kuuliza: kabla na baada ya muda gani, na mmelinganisha na wapi? Kamera huwa inafungwa mahali palipotokea ajali nyingi mwaka uliopita. Chukua dadu kumi uzirushe, zitenge zilizotoa sita, uzipigie kelele "mkome!", kisha zirushe tena. Nyingi hazitatoa sita, na sio kwa sababu zimekuogopa. Makutano yaliyokuwa na mwaka mbaya mara nyingi mwaka unaofuata yanatulia yenyewe hata kama ungefunga sanamu ya kuku badala ya kamera. Ndo maana unataka miaka mitatu kabla na mitatu baada angalau, na makutano yanayofanana yasiyo na kamera ya kulinganisha. Wakikuletea mwaka mmoja dhidi ya mwaka mmoja, washukuru kisha omba nyingine.

Kuna kitu ambacho mi binafsi nakiona hakizungumzwi vya kutosha. Faini nyingi zinawapata waliochelewa sehemu ya sekunde, ile nyekundu mbichi, wakati upande wa pili bado nao una nyekundu, kwasababu mataa yaliyopangwa vizuri yanaacha sekunde moja hivi pande zote zikiwa nyekundu ili makutano yasafishike. Ajali mbaya kabisa zinatoka kwa yule anayeingia nyekundu ikiwa imeshakomaa, kalewa, kasinzia, yuko kwenye simu, hajaiona taa kabisa. Huyo hajaiona taa ataiona kamera saa ngapi? Kwa huyo msaada ni taa kubwa zinazoonekana, mti uliofunika taa ukatwe, na hiyo sekunde ya nyekundu pande zote iwepo. Ipime na yenyewe kwenye video yako, utahitaji taa mbili ziwe kwenye picha moja, angle ya kona inasaidia.

Hela sasa. Mkataba kati ya mji na kampuni ya kamera mara nyingi ni hati ya umma, andika barua uombe. Ukiupata usisome kurasa zote mia, tafuta kampuni inalipwaje. Ikilipwa kiasi fulani kwa kila faini hapo pameoza tayari hata kama watu wake ni watakatifu, maana anayekamata ana faida kosa lisiishe. Malipo ya mwezi yasiyobadilika ni afadhali. Angalia pia kama mji umeahidi idadi ya chini ya faini, au unaadhibiwa ukibadilisha muda wa taa, na nani anaangalia picha kabla faini haijatumwa, askari aliyeapishwa au kijana wa kampuni aliyepewa idadi ya kumaliza kwa siku. Na rushwa ipo, sio hadithi. Hukohuko Chicago aliyekuwa afisa wa jiji akisimamia mpango wa kamera alifungwa miaka 10 mwaka 2016 kwa kula hongo ya kampuni iliyopewa tenda.

Kama faini imeshakufikia wewe, vuta pumzi, usilipe kwa hasira wala usitupe barua. Fungua picha. Namba ya gari ni yako kweli, herufi zote, na aina ya gari? Kwenye picha ya kwanza mstari unaonekana na matairi ya mbele yako wapi? Kuna maandishi madogo juu au chini ya picha: tarehe, saa, nyekundu ilikuwa imewaka kwa muda gani, spidi, na kwingine muda wa njano uliotangulia. Huo wa njano ulinganishe na kanuni ya juu. Halafu kuna ukaguzi mmoja mtamu. Chukua muda kati ya picha mbili, tuseme 0.7, zidisha na spidi, tuseme 50 ambayo ni karibu meta 14 kwa sekunde, unapata kama meta 10, yaani urefu wa magari mawili madogo. Kama picha zinaonyesha gari limesogea urefu wa gari moja tu, basi spidi au saa mojawapo inadanganya na unayo hoja. Kama limesogea vilevile hesabu inavosema, na njano ilikuwa ya kutosha, lipa, ulipita na nyekundu. Halafu angalia kama ulikuwa unakunja. Kanuni ya njano niliyokupa ni ya gari linalokwenda moja kwa moja, anayekunja anapunguza spidi kabla ya kufika kwahiyo anahitaji muda mrefu zaidi. Mats Järlström wa jimbo la Oregon, Marekani, aliliona hilo baada ya mkewe kupigwa faini ya kamera, akafanya hesabu, akawaandikia wakubwa, bodi ya wahandisi ya jimbo badala ya kumjibu ikamtoza dola 500 kwa kufanya uhandisi bila leseni. Akaenda mahakamani, 2018 akashinda, na 2020 chama cha kimataifa cha wahandisi wa usafiri kikaingiza mawazo yake kwenye mwongozo wao. Kwahiyo usiogope kuonyesha hesabu zako.

Mambo ya haki nayo hayapimwi na saa lakini yaulize vilevile. Kamera inaona gari, haioni mtu, sasa nani alipe? Kwingi Marekani analipa mwenye gari kama vile tiketi ya maegesho, bila pointi kwenye leseni, ila California kwa miaka mingi walitaka sura ya dereva ionekane. Uingereza mwenye gari analazimishwa amtaje aliyekuwa anaendesha, watu wakalalamika kwamba huko ni kumlazimisha mtu ajishtaki, ikafika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu na mwaka 2007 ikasema hapana, ukimiliki gari umekubali na masharti yake. Mi kwa upande wangu faini ya mwenye gari naiona sawa ikiwa ndogo na haigusi leseni. Ikianza kugusa leseni au kazi ya mtu basi nataka sura na nataka nafasi ya kusikilizwa na binadamu.

Faini moja kwa wote ni tatizo lingine, kwa mmoja ni hela ya mafuta na kwa mwingine ni kodi ya nyumba, na ikichelewa inazaa. Uchunguzi wa waandishi wa ProPublica uliotoka 2022 ulikuta Chicago kaya za maeneo yenye weusi na walatino wengi zimepata faini za kamera karibu mara mbili ya zile za maeneo ya wazungu. Kamera haijui rangi ya mtu. Ila maeneo hayo ndo yana barabara pana, njia nyingi, zilizonyooka kama uwanja wa ndege, zinazomwita dereva akanyage mafuta. Unamjengea mtu barabara ya mbio halafu unamtoza kwa kukimbia. Kwahiyo ukiona kamera zimerundikana upande mmoja wa mji, usibishanie kamera tu, angalia upana wa barabara nao.

Na picha zenyewe, uliza zinakaa muda gani na nani mwingine anazifungua. Kamera inayopiga waliokosea tu ni kitu kimoja, inayorekodi kila namba inayopita saa 24 ni kitu kingine kabisa, na kuibadilisha ya kwanza iwe ya pili saa ingine ni suala la programu tu.

Ukishakuwa na video, hesabu na takwimu, andika barua fupi kwa wanaosimamia taa, ukurasa mmoja, sio matusi. Taja makutano, tarehe na saa ulizopima, muda uliopata kila mzunguko, muda unaopaswa kuwa kwa spidi ya pale, na omba vitu vitatu tu: karatasi ya hesabu ya njano iliyosainiwa na mhandisi, ajali za miaka sita zilizogawanywa kwa aina, na mkataba. Wakikurekebishia njano rudi baada ya miezi kadhaa na simu zako zote mbili, mchana, upime tena, kwasababu boksi la taa likizima umeme au likibadilishwa huwa linarudi kwenye namba za zamani na hakuna anayetangaza.